Moto umepita au upepo umelaza miti? Soma hii kabla hujaingiza chensoo msituni

Wakuu wa Sikonge, Urambo, Kaliua mpaka huko Uvinza na Kakonko, kila mwaka ni stori ile ile. Moto wa mwezi wa 9 unapita msitu wa kijiji unaacha kila kitu cheusi, au mvua za kwanza za mwezi wa 11 zinakuja na upepo unang'oa miti, na kabla majivu hayajapoa kuna mtu ameshafika ofisi ya kijiji anasema hiyo miti imekufa, itaoza bure, tuivune tupate hela ya kumalizia zahanati. Ukimsikiliza unaona ana hoja. Ila kwa miombo yetu, yaani misitu hii ya mtundu na muba, hiyo hesabu haikai sawa, maana miti mingi anayosema imekufa haijafa, ile iliyokufa kweli na yenye bei haiozi haraka hivyo, na kinachokuja kuumaliza msitu sio moto wenyewe wala upepo, ni yale matrekta na kuburuta magogo na matanuri ya mkaa yanayofuata nyuma yake.

Hizi hatua ni za kamati ya maliasili ya kijiji au mtu mwenye ngitili yake (eneo lililofungwa ili lijirudishe lenyewe). Nimezipanga kufuata mwaka unavyokwenda, sio kwa umuhimu.

1. Jua kwanza miombo inarudije

Msitu wetu haurudi kwa mbegu kama shamba la mahindi, unarudi kutokea chini. Mtundu, muba na wenzao wengi shina likichomwa au likivunjika mzizi unabaki hai, na huo mzizi unatoa machipukizi kwenye kisiki au kwenye mizizi inayotambaa pembeni. Kuna na vile vimiche vifupi unavyovikanyaga kila siku ukidhani ni majani tu, vingine vina miaka mingi hapo, kila kiangazi vinakauka juu na kila masika vinachomoza tena, vinasubiri mwanga. Mti mkubwa ukianguka ndo nafasi yao.

Mninga ndo bingwa wa hiyo staili. Mche wake kwa miaka kadhaa unakufa juu kila kiangazi huku chini mzizi unanenepa, mpaka siku mzizi uwe na akiba ya kutosha ndo shina linapanda moja kwa moja lisirudi tena chini. Kwa hiyo mtu akikwambia "hapa hakuna mninga mdogo hata mmoja" mwezi wa 9, muulize amechimba?

Mbegu zipo lakini usizitegemee peke yake. Maganda ya mtundu na muba yakikauka yanapasuka kwa kishindo na kurusha mbegu mita chache tu kutoka kwa mama, mvua za kwanza zikinyesha mbegu zinaota, zisizoota zinaoza au zinaliwa. Hakuna stoo ya mbegu udongoni inayosubiri miaka 10. Ukitoa miti mama yote eneo moja, mbegu za hapo zimekwisha.

Nalisisitiza hili kwa sababu mjadala mkubwa duniani wa kuvuna miti baada ya janga umetoka kwenye misitu isiyofanana na yetu. Kule Oregon, Marekani, moto mkubwa wa mwaka 2002 uliunguza misitu ya jamii ya misonobari, sehemu nyingine wakaenda kuvuna iliyoungua, na mwaka 2006 watafiti wakachapisha kwenye jarida la Science kwamba palipovunwa miche iliyoota yenyewe ilipungua kwa asilimia 71, na takataka kavu za kulisha moto chini ziliongezeka. Ikazuka vita ya maneno, wengine wakasema tatizo ni kuchelewa, wangevuna mapema kabla miche haijaota isingekanyagwa. Kwa misonobari ya kule hoja hiyo ina mantiki yake, miti mingi ya aina ile ikishaungua haichipui kisikini, mche uliokanyagwa ndo basi. Huku kwetu chipukizi likikanyagwa mara moja mzizi unatoa lingine. Kwa hiyo sisi tuna uwezo wa kusubiri, haraka haitupi faida yoyote.

2. Subiri msimu mmoja mzima wa mvua

Moto wa mwezi wa 9, usihukumu mti wowote mpaka mwezi wa 4 mwakani. Upepo wa mwezi wa 11, vivyo hivyo. Miombo ina tabia ya kuvaa majani mapya hata kabla mvua hazijaanza, kwa hiyo mti uliobabuka majani yote unaweza ukauona wiki chache baadae umetoa majani mekundu mekundu juu kabisa, na yule aliyekuwa ameuhesabu kama kuni anabaki ameshika daftari.

Namna ya kupima: kwangua gome kidogo sana kwa ncha ya panga, sehemu ya ukubwa wa kucha, usawa wa goti na usawa wa kifua, na ufanye pande mbili za mti kwa sababu moto unaunguza zaidi upande wa mti uliojificha upepo, upande mmoja unaweza ukawa umekufa na mwingine mzima kabisa. Ndani kukiwa na maji maji, rangi mbichi, mti uko hai. Mninga hautakusumbua, unatoa utomvu mwekundu kama damu. Pakiwa pakavu, kahawia na gome linabanduka lenyewe, upande huo umekwenda. Usikwangue kuzunguka mti mzima, hapo utakuwa unauua wewe.

Mti uliong'oka nao usiuzike mapema. Kama upande mmoja wa mizizi bado umeshika ardhi unaendelea kuishi ukiwa umelala, na matawi yaliyotazama juu yanaanza kusimama yenyewe. Na lile shimo lililobaki pamoja na tuta la udongo lililoinuka na mizizi ni sehemu nzuri ya mbegu kuota kwa sababu udongo uko wazi, hakuna majani mazito. Acha vilivyo, hakuna haja ya kusawazisha.

Sasa ile hoja ya "itaoza". Mbao yenye bei hapa ni mninga na mkola, na moyo wa miti hiyo ni mgumu, mchwa wenyewe wanauogopa. Kinacholiwa na wadudu ni ile sehemu nyeupe ya nje ambayo fundi yeyote wa samani anaitupa. Masika moja ikiwa imelala haipotezi kitu cha maana. Mtundu na muba kweli zinaoza na kutobolewa haraka, lakini hizo ni kuni na mkaa, na kuni zilizokauka msituni mwaka mzima zinawaka tu. Presha yenyewe huwa inatoka kwenye tumbaku, maana mabani (vile vibanda vya kukaushia tumbaku kwa moto) yanawashwa kipindi kile kile cha mvua, watu wanataka kuni saa hiyo hiyo na pale kuna miti imelala. Kamati ikae imara hapo.

Vitu vya kutoa bila kusubiri ni vichache: mti uliofunga barabara au njia ya kwenda kisimani, uliolalia mizinga ya nyuki, au ulioning'inia pale watu wanapita. Basi.

3. Zunguka na kamba

Mwezi wa 4 au wa 5 majani marefu yakiwa bado mabichi ingia na watu wanne, kamba, daftari na simu ya kupiga picha. Kamba iwe na urefu wa mita 5 na sentimita 64, ukiifunga kwenye kijiti na kuzunguka unapata duara la mita za mraba 100, kwa hiyo ukihesabu vitu ndani ya duara ukazidisha mara 100 umepata idadi kwa hekta bila kuumiza kichwa. Ukikuta machipukizi 12, ni 1,200 kwa hekta.

Ndani ya duara hesabu vinne: visiki au mashina yanayochipua, machipukizi ya kwenye mizizi, miche ya mbegu, na miti mikubwa iliyo hai. Andika na jina la mti, la Kinyamwezi au Kiha haijalishi, ili mradi wote mtumie jina moja. Fanya maduara kama 10 sehemu iliyoungua au kuangushwa, na mengine 10 sehemu ya jirani ambayo haikuguswa, na usichague sehemu nzuri nzuri, tembea hatua 100 weka, hatua 100 weka. Yale ya jirani ndo yatakwambia hali ya kawaida ya msitu wako ikoje, kuliko namba yoyote ya kwenye kitabu cha mahali pengine. Kila duara piga picha umesimama katikati ukitazama kaskazini, na uweke alama ya GPS ya simu ili mwakani mrudi hapo hapo.

Watu wanairuka hii hatua kwa sababu haina hela. Lakini bila hiyo namba hakuna atakayejua kama uvunaji uliharibu au haukuharibu, itabaki kubishana kwenye kikao.

4. Karatasi

Mti kuanguka sio kibali. Kwanza jua msitu ni wa nani, maana kama ni hifadhi ya serikali kuu hiyo miti iko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) hata ikiwa imelala chini imekauka, kama ni wa halmashauri kuna afisa misitu wa wilaya, na kama ni msitu wa hifadhi wa kijiji uliopitishwa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 basi mnafuata mpango wa usimamizi na sheria ndogo zenu, na mkutano mkuu wa kijiji ujue. Magogo yagongwe nyundo ya alama ya misitu, na mzigo ukitoka kijijini uwe na hati ya kusafirishia, bila hivyo mtaishia geti la kwanza.

Kuna sheria ndogo moja ningeomba kila kijiji kiiweke: sehemu ikiungua, mwaka huo hakuna kuuza chochote kilichotoka hapo. Kwa nini? Kwa sababu siku mkishaanza kuuza miti iliyoungua, kuna mtu atagundua kwamba kiberiti kimoja kinafungua kibali. Hili wanakamati wengi wanalijua ila kwenye kikao hawalisemi.

5. Chagua cha kubaki kwanza

Watu huanza na cha kutoa. Geuza, anza na kubakisha, paka rangi nyeupe kila kinachobaki kabla mnunuzi hajaona msitu.

Vinabaki: kila mti ulio hai hata kama umepinda au upande mmoja umeungua, maana huo ndo wa mbegu. Kila mti mkavu uliosimama wenye tundu, maana nyuki, ndege na hata komba wanalala humo, na kwa mkoa unaoishi kwa asali kama Tabora kukata mti wenye tundu ni kukata kipato chako mwenyewe. Kila gogo lililolala kukatiza mteremko, hasa nyie wa Kigoma kwenye milima inayoshuka ziwani, gogo hilo linazuia udongo kuliko matuta mnayochimba kwa mradi. Na miti iliyo karibu na vijito, usiguse kabisa.

Kwa kilichobaki mimi napendekeza mtoe kisichozidi nusu ya kilichokufa. Hiyo nusu ni maoni yangu, sio sheria, ila gogo linalooza polepole linashika unyevu, linakinga mche na mbuzi, na uyoga mnaouza barabarani masika unaishi kwa kushirikiana na mizizi ya mtundu na muba, ukiondoa miti yote na kuvuruga udongo wote uyoga nao unakata.

6. Siku ya kuvuna

Vuna kiangazi, mwezi wa 6 mpaka wa 8, ardhi ikiwa ngumu. Trekta kwenye udongo uliolowa linaacha njia ngumu kama sakafu, maji hayaingii na mizizi haipumui, utaiona hiyo njia miaka mingi baadae ina nyasi tu.

Kizuri zaidi trekta lisiingie kabisa. Pasueni mbao pale pale mti ulipolala, alafu mbao zitoke kwa kichwa, baiskeli au mkokoteni kwa njia ambayo tayari ipo. Mambo ya kuburuta gogo zima kutoka katikati ya msitu yanafuta machipukizi yote njiani, na gogo moja linaburuzwa kwenye eneo kubwa kuliko pale lilipolala. Vumbi la mbao na maganda yabaki humo humo msituni.

Mti uliovunjika katikati na shina limebaki refu limechanika, kata chini, sentimita 15 mpaka 30 kutoka ardhini, mkato uwe safi na umeinama kidogo maji yatelemke. Chipukizi linalotoka chini karibu na ardhi linashika vizuri, linalotoka juu kwenye shina refu upepo unakuja kulibandua. Isipokuwa kama kisiki kimeshachipua chini chenyewe wakati wa masika, hapo usikate tena, kiache kiendelee.

Usalama kwa ufupi: mti uliolaliwa na mwingine umebanwa, ukiukata unaweza kuruka. Mtu wa chensoo asimame upande wa ndani wa mkunjo wa mti, sio upande wa nje ambako mti unaweza kuruka, na hakuna mtu chini ya tawi lililonasa juu. Chensoo sio ya kujifunzia hapa.

7. Matawi na mkaa

Matawi yaliyobaki yasirundikwe kwenye visiki. Yakatwe mafupi yalale chini, yasambazwe mbali na visiki na miche kama mita 2 hivi, kwa sababu rundo kavu juu ya kisiki moto ukija unaunguza mpaka mzizi, na mzizi ukifa ndo mwisho wa habari. Hilo ndo lile la Oregon la takataka kuongezeka, na kwetu ni baya zaidi kwa sababu moto hapa unarudi karibu kila mwaka.

Mkaa usichomwe ndani ya eneo linalorudi. Sehemu ya tanuri udongo unaokwa, mizizi na mbegu za pale vyote vinakufa, pataonekana duara jeusi lisilo na mti kwa miaka. Kama mmeshaamua lazima, tumieni tanuri la zamani, msifungue jipya.

8. Miaka mitatu ya kulinda, hapa ndo penye kazi

Mengine yote juu ni maandalizi tu. Chipukizi lililo chini ya kimo cha mtu liko ndani ya ndimi za moto, ukipita linakufa juu, mzizi unaanza upya, mwakani tena, na tena, mpaka mzizi unachoka. Ndo maana unakuta sehemu ina "vichaka" miaka 15 na haijawahi kuwa msitu, watu wanasema udongo mbaya, wakati ni kiberiti.

Jaribio la kueleweka zaidi kwa miombo lilianzishwa Ndola, Zambia, mwaka 1933. Walitenga viwanja, vingine vikachomwa mwanzoni mwa kiangazi kila mwaka, vingine mwishoni, vingine vikalindwa visichomwe kabisa. Vya moto wa mwishoni miti mikubwa ilipungua mpaka pakawa majani na miti michache migumu, vya moto wa mwanzoni msitu ulibaki, na vilivyolindwa vikasongamana. Nyasi mwezi wa 5 au wa 6 bado zina unyevu, moto unatambaa chini, mwezi wa 9 au wa 10 kila kitu ni petroli.

Kwa hiyo fanyeni hivi: mwezi wa 5 safisheni fayalaini (mkanda wa kuzuia moto) kuzunguka eneo, upana wa mita 5 mpaka 10, nyasi zitolewe mpaka udongo uonekane. Mwezi huo huo mpaka wa 6 chomeni mapema nyasi za nje ya fayalaini, kwa utaratibu wa kijiji na watu wa kutosha wenye matawi mabichi, jioni upepo ukitulia. Ndani ya eneo moto usiingie kabisa kwa viangazi 3. Machipukizi yakishapita kimo cha mtu na gome likaanza kunenepa, hapo mnaweza kurudi kwenye kuchoma mapema na ndani pia. Kaeni mapema na warina asali wanaotumia mienge, na wenye mashamba mpakani, hao ndo chanzo cha moto mwingi na ni ndugu zetu tunaowajua kwa majina, kikao kimoja na hao kinafanya kazi kuliko bango.

Mifugo, hapa nina msimamo tofauti kidogo na wengine. Mbuzi hapana, anatafuna chipukizi changa mpaka chini. Ng'ombe wachache baada ya mwaka wa kwanza, wakipita tu na sio kulala humo, wanapunguza nyasi na nyasi ndo chakula cha moto. Kundi la mia mbili linaloweka boma ndani ni habari nyingine, linakanyaga kila kitu.

9. Kupanda

Mara nyingi haihitajiki. Jirani zetu Shinyanga mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulianza 1986, na kilichorudisha miti kwenye hekta laki kadhaa kwa sehemu kubwa ni ngitili, yaani kufunga eneo na kuacha mizizi iliyopo ifanye kazi. Kisiki hai wanachofundisha Dodoma ni hicho hicho: chagua machipukizi machache yenye nguvu, pogoa mengine, weka alama, linda. Kwenye msitu wa miombo hata kupogoa sio lazima mwaka wa kwanza, yaache yagombane yenyewe mpaka mwaka wa 2 au wa 3, alafu bakisha 2 au 3 kwa kisiki. Kinachonikera ni mtu kung'oa machipukizi ya muba yenye mizizi ya miaka 40 ili achimbe mashimo ya mikaratusi ya mradi, apige picha.

Rudini na kamba yenu mwezi wa 4 unaofuata, kwenye maduara yale yale, na mwaka unaofuata tena. Kama idadi inakaribia ya maduara ya jirani, hamna cha kufanya zaidi ya fayalaini. Kama sehemu fulani imekaa tupu, angalieni kwanza pana nini, njia ya trekta, tanuri, au boma la zamani, kwa sababu hapo mzizi haupo tena na ndo mahali pekee pa kupeleka miche. Chimbueni udongo ulioshindiliwa, mpande mninga au mkola kutoka kwenye mbegu za msitu huo huo mvua zikishakolea mwezi wa 12, na mche wa mninga ukikauka juu mwezi wa 7 msiung'oe kuangalia kama umekufa.